Nimeachiwa mfumo wa Java wa klasi 340, hauna hata karatasi moja ya maelezo. Naanzia wapi kuusoma?

KijanaWaMakorora
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga hapa, kuna ofisi moja inashughulika na wakulima wadogo wa mkonge (jina naliacha nisije nikafukuzwa kabla ya mshahara wa kwanza), wamenipa kazi ya kutunza mfumo wao wa mizani na malipo. Umeandikwa kwa Java, ile ya madirisha ya Swing, databesi MySQL, na aliyeuandika alishaondoka zamani, simu yake haipatikani, na walionikabidhi wanachojua ni kubonyeza batani tu. Dokumentesheni hakuna. Kilichopo ni flashi moja yenye mafaili matano ya zip: MFUMO_MPYA, MFUMO_MPYA2, MFUMO_FAINALI, MFUMO_FAINALI_SAHIHI na la tano limeandikwa USIGUSE. Git (ya kutunza kila toleo la kodi) hakuna kabisa.

Nimehesabu klasi (vile vipande vinavyounda programu ya Java) zinafika 340 hivi. Nyingine majina yake yanaeleweka, MkulimaDao, RobotaForm, lakini halafu kuna MalipoManager, MalipoManager2 na MalipoManagerMpya, zote zipo na zote zinaonekana zinaitwa mahali fulani. Wakubwa wanataka vitu viwili. Cha kwanza kuna wakulima wanalalamika wanakatwa hela ya usafiri mara mbili, sio wote, baadhi tu, na ukiangalia kwa macho huoni wanafanana nini. Cha pili wanataka iongezwe aina mpya ya makato kabla ya malipo yajayo, yaani wiki 3.

Chuo tulichora UML (michoro ya masanduku na mishale ya kuonyesha klasi) kutoka kwenye mchoro kwenda kwenye kodi (kodi hii ya kompyuta jamani, sio ile ya kulipa). Kupiga rivasi, utoke kwenye kodi urudi kwenye mchoro, hatukufundishwa. Nikajaribu mwenyewe, nikaupa mfumo mzima kwa programu moja ikanichorea mchoro wa klasi zote, nikaprinti A4 kama 30, nikaunganisha kwa selotepu nikatandika sebuleni. Mama akapita akaniuliza mwanangu huu wavu wa kuvulia dagaa au wa nini. Na kweli sikuelewa chochote, mistari tu imepandana.

Waliowahi kupitia hali hii nisaidieni, natanguliza shukrani.

Dullah_Sava
Andika upya mkuu. Mfumo wa Swing karne hii? Tupa huko, weka wavuti, wiki 3 zinatosha ukiacha kulala

KijanaWaMakorora
Kaka Dullah wiki 3 hata sheria za makato sijazijua, nitaandika upya kitu gani wakati sijui hiki kinafanya nini?

MzeeWaBarabaraYa10
Umejibu vizuri kijana. Anayeandika upya bila kuujua mfumo wa zamani, makosa ya zamani atayarudia na mapya atayaongeza.

Sasa kuhusu huo wavu wako. Mchoro wa klasi zote ni kodi ileile imevalishwa masanduku, haujapungua ugumu hata chembe. Mwaka 1990 Chikofsky na Cross waliandika makala kwenye jarida la IEEE Software kuweka sawa maneno haya, maana kila mtu alikuwa anasema lake. Kwa maneno yao rivasi injiniaringi ni kuuchunguza mfumo ujue vipande vyake na jinsi vinavyohusiana, halafu uuonyeshe kwa sura nyingine au kwa ngazi ya juu zaidi. Ni kuchunguza tu, hugusi kitu, ukianza kubadilisha umeshaingia kazi nyingine. Na ndani yake wakatofautisha: kuna kuandika upya dokumentesheni, ngazi ni ileile ila sura nyingine, ndio hiyo ya selotepu, na kuna kuirudisha dizaini, ambayo kodi peke yake haikupi, lazima uchanganye na ujuzi wa kazi yenyewe na kuuliza watu na kutumia kichwa. Wewe unachokihitaji ni hicho cha pili, na unakihitaji kwenye makato tu, sio kwenye klasi 340.

Kwa hiyo funga laptopu siku moja uende korona (kiwanda cha kuchakata mkonge). Nasema kweli. Kaa na mtu wa mizani, muulize mkulima akileta majani inaandikwa nini, singa (nyuzi za mkonge) zikishakauka na kufungwa robota (furushi) inaandikwa nini, nani anaamua huyu akatwe usafiri na yule asikatwe. Andika maneno yao kama wanavyoyasema. Ukirudi kwenye kodi utaona majina ya klasi yameanza kuongea, kwa sababu aliyeandika naye alikaa na watu haohao.

Ukitoka hapo anza na databesi, usianze na klasi. Majedwali ni machache, na data iliyomo ni ya kweli kwa sababu watu wamelipwa kwa hiyo. Ukijua majedwali unaweza kusema klasi hii inalisha jedwali hili, basi zile 340 zinajipanga zenyewe, nyingi utakuta ni fomu na batani, makato yenyewe hayazidi 20.

Zana za bure zipo za kutosha. jdeps inakuja na JDK (vifaa vya kuandikia Java) yenyewe toka toleo la 8, hiyo inasoma faili lililokwisha kompailiwa inakwambia pakeji (kundi la klasi) ipi inategemea ipi, anza nayo kwa ngazi ya pakeji usishuke kwenye klasi haraka. Doxygen ukiiunganisha na Graphviz inakuchorea nani anamwita nani. Ila ziulize swali moja dogo, mfano nionyeshe wanaogusa jedwali la makato tu. Ukiziambia nionyeshe vyote zitakupa wavu.

BintiPangani
Shikamoo mzee, nakubaliana na wewe isipokuwa hapo mwisho. Kwenye kodi ya objekti (vitu vinavyoundwa kutokana na klasi) hizo zana za kusoma kodi bila kuirani, yaani bila kuiendesha, zinakudanganya, na zinadanganya sehemu ileile unayoihitaji zaidi.

Nieleze hivi mdogo wangu. Kwenye kodi ya kawaida ukiona jina la fanksheni unaenda moja kwa moja ilipo. Huku ukiona makato.kokotoa() hujui inaenda wapi, inategemea objekti iliyopo muda huo ni mtoto gani wa ile klasi (klasi mtoto inarithi ya klasi baba na inaweza kuyabadilisha). Zana inafanyaje? Nyingi zinaangalia mti wa urithi zinakwambia inaweza kuwa yeyote kati ya watoto hawa 9, njia hiyo Dean, Grove na Chambers waliieleza mwaka 1995. Mwaka uliofuata Bacon na Sweeney wakaipunguza wakasema tuhesabu tu klasi ambazo kwenye programu kuna mahali zinaundwa, isiyoundwa popote tuitoe. Safi sana, lakini kama aliyeandika ameunda objekti kwa kusoma jina la klasi kutoka kwenye faili au kwenye jedwali, zana haioni neno new (la kuunda objekti) popote, kwa hiyo itakwambia klasi hii imekufa wakati mwisho wa mwezi inakata hela za watu.

Mimi njia yangu ni kuurani. Chukua bakapu ya databesi weka kwenye mashine yako (TAFADHALI sio ya ofisi), mchague mkulima mmoja aliyekatwa mara mbili, washa debaga (inayosimamisha programu uone ndani), weka brekipointi (alama ya kusimama) pale inapoandika kwenye jedwali la makato, bonyeza lipa. Ikisimama soma steki (orodha ya methodi zilizoitana) kutoka juu kwenda chini, hiyo ndio rivasi yenyewe, unaona nani kaitwa na nani mpaka kwenye batani. Chukua karatasi MOJA chora mstari mmoja kwa kila objekti na mishale kati yake. Halafu rudia kwa mkulima ambaye hakukatwa mara mbili, linganisha hizo karatasi mbili. Kinachotofautiana ndio kinakuhusu, kingine chote achana nacho. Wilde na Scully waliandika kitu cha namna hii mwaka 1995, kurani mara moja na jambo lako na mara moja bila jambo lako, kisha kutoa tofauti.

Na kama debaga inakusumbua, mkono wa maskini: weka new Exception().printStackTrace() kwenye ile methodi, itamwaga njia yote kwenye logi. Usisahau kuitoa tu, mimi niliwahi kuisahau logi ikajaa diski jumapili.

MzeeWaBarabaraYa10
Marahaba binti. Kuhusu kurani sina ubishi, ila kumbuka kurani kunakuonyesha njia uliyopita tu. Usiyoipita huioni. Makato yanayotokea mara moja kwa mwaka debaga haitakuonyesha mwezi huu. Kwa hiyo vyote viwili, mchoro wa kusoma unakupa yanayowezekana na wa kurani unakupa yaliyotokea.

BintiPangani
Hapo sawa mzee, tumeelewana

KijanaWaMakorora
Dada Binti umenitisha. Nimetafuta Class.forName (amri ya kupakia klasi kwa jina lake) kwenye mfumo mzima nimekuta moja tu, iko ndani ya MalipoManager2. Inasoma jedwali linaitwa aina_makato, lina kolamu inaitwa klasi, na ndani yake kuna majina kama tz.malipo.MakatoMkopo, tz.malipo.MakatoUshuru…

Sasa niungame. Wiki iliyopita kulikuwa na klasi inaitwa MakatoMkopoMaalum, IntelliJ ikaionyesha kwa rangi ya kijivu, maana yake haitumiki popote, nikaifuta nikajisifu nasafisha. Ikakompaili bila neno. Nikampelekea mhasibu faili jipya la jar (programu nzima imefungashwa) ajaribu kwenye kompyuta yake, akaniambia likifika kwa wakulima fulani linatoka dirisha jekundu ClassNotFoundException. Nikairudisha kimyakimya nikasema ilikuwa shida ya umeme 😭

Dullah_Sava
Umeme wa Tanga umesingiziwa mengi 😂

MtotoWaKikogwe
Hahaha. Mkuu huo mti wako wa klasi za makato ni kama mkonge wenyewe. Mwaka 1893 yule Mjerumani Hindorf alileta miche kutoka Florida, ikapona 62 tu, ikapandwa huku kwetu Kikogwe karibu na Pangani, na hiyo ndio ikazaa mashamba. Mmea mmoja ukiwa na kilema basi shamba zima linarithi. Angalia aliye juu kabisa kwenye ule mti ana nini.

Halafu swali, hilo jar linalorani ofisini una uhakika limetoka kwenye zip ipi kati ya hizo tano?

KijanaWaMakorora
Swali gumu hilo… nilikuwa naisoma FAINALI_SAHIHI kwa kuamini jina

MtotoWaKikogwe
Ndio hapo sasa. Unaweza kusoma kodi mwezi mzima kumbe sio inayorani. Chukua jar la kwenye kompyuta ya mhasibu, lile la zamani kabla hujampelekea lako, lifungue kama zip, toa klasi zake, kisha kompaili kila zip kati ya zile tano na linganisha. javap itakuonyesha methodi zilizomo kwenye kila klasi hata bila kodi yake. Kama hakuna zip inayolingana basi itabidi udikompaili (urudishe klasi kuwa kodi), IntelliJ ukifungua faili la klasi inakudikompailia yenyewe, ila majina ya vigezo yanaweza kupotea na komenti zote hutazipata. Mfumo ni mali ya ofisi kwa hiyo nadhani hakuna tatizo, lakini waombe kwa maandishi, na mkataba wa aliyeandika kama upo usome.

Mwalimu_Nguvumali
Nachelewa kidogo lakini niongeze kitu hakijasemwa. Kabla ya kugusa mstari hata mmoja piga picha ya tabia ya mfumo. Maana yake chukua malipo ya miezi 12 iliyopita, andika testi inayompitisha kila mkulima kwenye ile hesabu ya makato na kuhifadhi jibu, liwe sahihi liwe la makosa, hifadhi hivyohivyo. Usirekebishe jibu la makosa kwenye testi!! Watu wengi hapa ndipo wanapoteleza, wanaandika jibu wanalolitaka. Wewe unataka kujua mfumo unafanya nini leo, sio unatakiwa kufanya nini. Ukishabadilisha kodi unarani tena, wakulima waliobadilika wawe ni wale tu uliokusudia wabadilike, akitokea mwingine hata kwa shilingi mia ujue umegusa pasipoguswa.

Na mambo mawili kuhusu mchoro. Kama jamaa alikuwa anaandika Java ya kizamani, List tupu bila kusema ni listi ya nini, programu ya kuchora haitaona kwamba Malipo ina Makato nyingi ndani, itachora tu mshale kwenda List basi. Jenerikisi, ile List<Makato> ya kusema listi ni ya nini, zilikuja na Java 5 mwaka 2004 lakini wapo walioendelea kuandika vilevile miaka na miaka. Hiyo mistari ichore mwenyewe kwa kalamu baada ya kuona nini kinatiwa humo. Na almasi nyeusi (kumiliki kabisa) na nyeupe (kushirikiana tu) za UML usiziamini zikichorwa na mashine, kwenye Java zote mbili ni fildi tu, mashine inabahatisha. Nani anammiliki nani ni jambo la maana, na hilo utaambiwa na mtu wa mizani, kama alivyosema mzee.

Niliwahi kumaliza siku 4 nikifuata almasi nyeusi moja ambayo haikuwepo. Basi tu.

KijanaWaMakorora
Wakuu nimerudi, ni siku ya 9 toka niulize. Naandika kwa urefu kidogo mnisamehe.

Kwanza jar. Lile la ofisini halikulingana na FAINALI_SAHIHI. Limelingana na USIGUSE, klasi zote isipokuwa mbili ambazo ni fomu za kuprinti. Yaani lile nililoogopa kulifungua ndilo lilikuwa lenyewe, na kumbe yule jamaa aliliandika vile akimaanisha ndio linalotumika watu wasiliguse. Sasa limo ndani ya Git, komiti (toleo lililohifadhiwa) ya kwanza kabisa.

Pili nilienda korona siku nzima. Mzee, sikutegemea. Karani wa mizani kaniambia kuna wakulima wanaoleta mkonge kwa trekta la chama na wana mkopo wa pembejeo kwa pamoja, hao wanaitwa maalum. MAALUM! Nikajua palepale ile klasi niliyoifuta ni ya nani. Hakuna mchoro ungenionyesha hilo.

Tatu nikafanya ya dada Binti, karatasi mbili, mkulima wa kawaida na mkulima maalum. Ya kawaida mishale inashuka tu. Ya maalum mishale inapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Iko hivi: MakatoBase, klasi baba ya makato, ina kokotoa(), na ndani yake inaita ongezaTozo() ambayo kwa baba haifanyi kitu, ipo tu kwa ajili ya watoto. MakatoMkopoMaalum imeziovaraidi (imeziandika upya kwa namna yake) zote mbili. kokotoa() ya mtoto inaanza kwa kumwita baba kwa super, baba anaita ongezaTozo(), lakini kwa sababu objekti ni ya mtoto inashuka kwenye ya mtoto, hela ya usafiri inaingia. Halafu ikirudi kwa mtoto, mstari unaofuata, mtoto anaita ongezaTozo() tena yeye mwenyewe. Mara ya pili. Nilisoma hizo klasi mbili kwa macho mara tano sikuona, kila moja peke yake ni sahihi kabisa.

Na kwa nini sio kila mwezi: kuna mwezi trekta haliendi, tozo ni sifuri, sifuri mara mbili ni sifuri.

Picha ya tabia nayo nimepiga, miezi 12, nimetoa ule mstari mmoja nikarani, waliobadilika ni maalum tu. Mhasibu sasa anahesabu kinachotakiwa kurudishwa, na umeme wake nimemwambia ukweli, alicheka tu.

BintiPangani
Hongera sana mdogo wangu 👏 Hiyo ndoo ya kisimani ina jina, tatizo la yo-yo, Taenzer, Ganti na Podar waliliita hivyo mwaka 1989, unasoma methodi moja unapandishwa kwa baba unashushwa kwa mtoto mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Kadiri mti wa urithi unavyokuwa mrefu ndivyo inavyozidi. Pima urefu wa mti wako, na zikiwa ngazi zaidi ya 4 ukague hizo kwanza kabla ya nyingine, kosa hilohilo linaweza kuwa limejificha kwa mtoto mwingine.

KijanaWaMakorora
Ngazi 6 dada. Nimeanza kukagua, MakatoUshuruMaalum naye anaita super halafu anaita ongezaTozo()…

MzeeWaBarabaraYa10
Huyo usimguse bado. Kamuulize karani wa mizani kwanza hao ni nani, na mwezi uliopita walikatwa shilingi ngapi. Na zile karatasi zako mbili ziskani uziweke kwenye Git pamoja na kodi, siku moja na wewe simu yako haitapatikana.

Dullah_Sava
Wavu wa sebuleni umeupeleka wapi lakini

KijanaWaMakorora
Mama kafungia maandazi 😂